Kidonge kinafanya nini kweli, na kinasingiziwa nini

Ukikaa na akina mama wanaosubiri watoto wapimwe kilo kwenye kituo cha afya cha Kadutu au Bagira, hapa Bukavu, mazungumzo ya planingi, yaani uzazi wa mpango, hayachelewi kuanza. Mmoja atasema alinenepa hadi nguo zote zikamkataa. Wa pili atasema damu ilimtoka kidogo kidogo mwezi mzima mpaka bwana yake akanuna. Wa tatu atasema dada yake aliacha, sasa ni miezi minane, na mimba haijaingia. Wote wanafika palepale: pilule haifai. Sasa waulize polepole kila mmoja alitumia nini. Wa kwanza alikuwa anachomwa sindano ya miezi mitatu. Wa pili aliwekewa kijiti mkononi. Dada wa yule wa tatu, naye alikuwa wa sindano. Katika benchi zima hakuna aliyemeza kidonge hata kimoja.

Hawasemi uongo. Yaliyowapata yaliwapata, na mengi yameandikwa katika vitabu vya udaktari. Tatizo ni kwamba dawa nne au tano tofauti zimewekwa kwenye kapu moja, na dhara la hii linahesabiwa kwa ile. Wanaoongeza giza ni wale wahudumu ambao mama akilalamika wanamjibu, "Ni kawaida, mama, utazoea," halafu wanamwita anayefuata. Mama anarudi nyumbani na swali lake, na atakayemjibu ni jirani, au sauti ya WhatsApp iliyotumwa na mtu asiyejulikana.

Tuanze na vitu vyenyewe. Homoni ni ujumbe ambao sehemu moja ya mwili inautuma kwa nyingine kupitia damu. Mbili zinatuhusu hapa: estrojeni na projesteroni, ambazo mwanamke anazo mwilini hata kama hajawahi kuona dawa. Kiwandani hutengenezwa estrojeni ya namna yake, na pia projestini, ambayo inafanya kazi inayofanana na ya projesteroni.

Kidonge cha mchanganyiko kina zote mbili. Ndicho wengi wanachokimaanisha wakisema pilule. Aina inayopatikana sana ina mikrogramu 30 za estrojeni na mikrogramu 150 za projestini iitwayo levonorjestreli. Kuna kidonge cha pili, cha projestini peke yake, ambacho hupewa hasa mama anayenyonyesha. Cha tatu ni kidonge cha dharura, ile pilule ya kesho yake, dozi moja kubwa ya levonorjestreli inayomezwa baada ya tendo. Nje ya vidonge kuna sindano na kijiti, ambavyo ni projestini tupu, na koili ya shaba (kitanzi) isiyo na homoni yoyote. Koili hiyo inaweza kuongeza damu na maumivu ya siku za mwezi, lakini mtu hawezi kuisingizia homoni ambayo haina.

Kidonge kinazuiaje mimba? Fikiria taksi-basi inayopanda Kadutu. Kijana wa mlangoni akigonga bati na kupaza sauti kwamba gari limejaa, dereva anapita bila kusimama, hata kama watu wanapunga mkono barabarani. Kila mwezi, baada ya yai kutoka, mwili wenyewe hutoa projesteroni inayouambia ubongo kwamba kwa sasa yai lingine halihitajiki. Kidonge kinapaza sauti hiyohiyo kila siku. Ubongo unasikia, hauagizi yai, na pasipo yai hakuna mimba. Projestini ina kazi nyingine pia: inaufanya ute wa shingo ya kizazi kuwa mzito, mbegu za mwanamume zisipite kwa urahisi.

Wapo wanaosema vidonge vinarundikana tumboni. Havirundikani. Kidonge huyeyuka, huingia katika damu, ini hukivunja, na mabaki hutoka kwa mkojo na choo. Ndiyo sababu ya kumeza kila siku: cha jana kimeshaanza kuisha. Pilule ya kesho yake nayo haitoi mimba. Inachelewesha yai kutoka. Ikiwa yai limeshatoka, haina msaada mkubwa, na mimba iliyokwisha kushika haiidhuru. Inatakiwa imezwe mapema iwezekanavyo, vizuri zaidi ndani ya saa 72. Anayeitumia kila wiki badala ya njia ya kawaida atavuruga siku zake na kinga yake itakuwa dhaifu kuliko ya plaketi (kadi ya vidonge) ya kila siku.

Damu ndiyo inayozua maneno mengi kuliko jambo lolote. Plaketi ya mchanganyiko ya vidonge 28 ina 21 vyenye dawa na 7 visivyo na homoni. Hivyo saba mara nyingi ni vya rangi ya kahawia na vina madini ya chuma. Ukifika kwenye hivyo, homoni zinashuka, utando mwembamba uliojengeka ndani ya kizazi unabomoka, damu inatoka. Hiyo si hedhi ile ya zamani, maana hakuna yai lililotangulia. Na kwa kuwa utando ni mwembamba, damu ni kidogo: siku mbili, tatu, wakati mwingine matone tu. Hapo ndipo hofu inapoingia kwamba damu imekwama ndani, itaoza, itageuka uvimbe. Damu hiyo haikukwama popote, kwa sababu haikutengenezwa. Kwa mwanamke mwenye upungufu wa damu, na kwetu ni wengi, damu ndogo ni faida. Wapo wanaovitupa vile vya kahawia. Hawapotezi kinga, ila wanapoteza hesabu ya siku, na kuanza plaketi mpya kwa kuchelewa ni njia ya haraka ya kupata mimba.

Matone ya katikati ya mwezi ni jambo lingine. Miezi miwili mitatu ya kwanza kizazi kinazoea utando mwembamba, na damu huvuja siku isiyotarajiwa. Kwa wengi hupungua baada ya mwezi wa tatu. Kwa anayesahau vidonge haipungui, maana kila akisahau homoni zinashuka kidogo na utando unaanza kubomoka. Kwa kidonge cha projestini peke yake, kijiti na sindano, damu isiyo na ratiba inaweza kuendelea muda mrefu zaidi, au ikakatika kabisa. Mama aliyeelezwa hivyo kabla ya kuanza anavumilia au anachagua kingine. Asiyeelezwa anakimbia, na ana haki ya kukimbia.

Orodha ya madhara ya kawaida ya kidonge cha mchanganyiko si ndefu: kichefuchefu, kichwa kuuma, matiti kujaa na kuuma, matone ya damu, hali ya moyo (furaha na huzuni) kubadilika, na kwa wengine hamu ya tendo kupungua. Mimi nilianza kumeza baada ya mtoto wangu wa pili kuacha ziwa. Asubuhi nilikuwa nabeua na kusukuma sahani, mpaka mama mkwe akaanza kunitazama tumbo na kutabasamu: dawa ya kuzuia mimba ilinipa sura ya mjamzito. Nikahamishia kidonge usiku baada ya chakula, kichefuchefu kikaja nikiwa usingizini, na baada ya muda kikaacha kuja. Dada yangu alijaribu ujanja huohuo, hakufaulu. Kichwa kilimuuma kila wiki ya vidonge vya kahawia, akaacha, akaweka koili. Sisi ni wa tumbo moja na tulinunua plaketi za aina moja, kwa hiyo sioni maana ya kumwambia mtu "mbona mimi sikuumwa".

Kuhusu unene, tafiti zilizolinganisha wanaomeza kidonge cha mchanganyiko na wanaomeza kidonge kisicho na dawa hazikuonyesha tofauti kubwa ya uzito. Mtu anaweza kujaa maji kidogo au kusikia njaa zaidi, lakini kilo kumi hazitoki humo. Sindano ya miezi mitatu ni tofauti: kwa baadhi ya wanawake inaongeza uzito kweli, na anayelalamika asibishiwe. (Tusisahau pia kwamba mjini kwetu kuna wanaomeza kwa makusudi dawa za kunenepesha za aina ya deksametasoni zinazouzwa sokoni bila karatasi ya daktari. Hizo ni hatari za aina yake, na hazihusiani na uzazi.)

Hali ya moyo ni ngumu zaidi kuipima. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kufuatilia wanawake zaidi ya milioni moja. Waliotumia homoni za kuzuia mimba walianza dawa za sonona (huzuni ya kupita kiasi) kwa kiasi fulani zaidi ya wasiotumia, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19. Kwa mtu mmoja mmoja hatari ilibaki ndogo, na utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kidonge ndicho kilichosababisha. Lakini mwanamke akisema "tangu nianze nalia bila sababu", si wa kuchekwa. Bukavu ina sababu nyingi za kumliza mtu. Daftari linasaidia: andika siku uliyoanza, siku unayojisikia vibaya, na kilichotokea siku hiyo. Baada ya plaketi tatu utaona kama huzuni inafuata kidonge au inafuata mambo mengine.

Hali hii ya kupuuza malalamiko ni ya zamani kama kidonge chenyewe. Majaribio makubwa ya kwanza yalifanyika Puerto Rico kuanzia 1956. Daktari aliyeyasimamia huko, Edris Rice-Wray, aliandika kwamba asilimia 17 ya wanawake walikuwa na kizunguzungu, kutapika, maumivu ya tumbo na kichwa, na kwamba madhara hayo ni mengi mno kukubalika. Wakubwa waliobuni dawa, Gregory Pincus na John Rock, waliona mengi ya malalamiko hayo ni mawazo tu ya wanawake. Kidonge hicho, Enovid, kilikubaliwa Marekani mwaka 1960 kwa kuzuia mimba, kikiwa na mikrogramu 150 za estrojeni iitwayo mestranoli. Hata ukizingatia kwamba mestranoli ni dhaifu kidogo, hiyo ni zaidi ya mara tatu ya nguvu ya estrojeni katika plaketi ya leo. Habari za damu kuganda zikaanza kusikika. Mwaka 1970 Bunge la Seneti la Marekani lilisikiliza wataalamu kuhusu hatari hizo, na wanawake wakasimama ukumbini kuuliza kwa nini hakuitwa hata mmoja anayevimeza. Karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi ilitokana na vurugu hizo.

Karatasi hiyo ndiyo inayopotea ikifika kwetu. Plaketi inauzwa bila boksi, au boksi lina maandishi madogo ya Kifaransa ambayo muuzaji mwenyewe hajayasoma. Tena majina yanabadilika. Mji uliposhikwa na waasi wa M23 Februari 2025, njia za mizigo zilivurugika, na anayezoea boksi fulani hupewa lingine, mara nyingine lililovuka mto Ruzizi kutoka Rwanda. Usishtuke kwa jina wala rangi. Angalia nyuma ya plaketi: majina ya homoni na idadi ya mikrogramu. Vikifanana na vya zamani, dawa ni ileile. Visipofanana, uliza kabla hujalipa.

Sasa hatari yenyewe. Estrojeni huifanya damu igande kwa urahisi zaidi. Donge likiziba mshipa wa mguu kisha likasafiri hadi mapafuni, linaua. Kwa kila wanawake 10,000 wasiotumia homoni na wasio wajawazito, 1 hadi 5 hupata donge kwa mwaka. Kwa wanaomeza kidonge cha mchanganyiko ni 3 hadi 9. Kwa wajawazito ni 5 hadi 20, na katika wiki 12 za kwanza baada ya kujifungua kiwango hicho hufika 40 hadi 65. Hesabu hii hupendwa sana na wahudumu: unaona, mimba ni hatari zaidi! Ni kweli, lakini haimsaidii mwanamke ambaye hatari yake si ya wastani.

Nani si wa wastani? Mwenye presha ya juu, anayevuta sigara akiwa na miaka 35 au zaidi, aliyewahi kupata donge la damu au kiharusi, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli au ganzi, mwenye ugonjwa mkali wa ini, mwenye saratani ya matiti. Hawa wasipewe estrojeni. Mama aliyejifungua naye asubiri: anayenyonyesha asianze mchanganyiko kabla ya wiki sita, na ni afadhali afike miezi sita, asiyenyonyesha, angalau siku 21. Kidonge cha projestini peke yake hakijaonyesha kuongeza madonge, ndiyo maana wengi wa hawa wanaweza kukitumia, isipokuwa mwenye saratani ya matiti au ugonjwa mkali wa ini. Presha haionekani usoni. Kuuziwa mchanganyiko bila kupimwa tansio hata mara moja ni kubahatisha, na mashine ya kupimia ipo karibu kila kituo.

Maumivu makali ya mguu mmoja uliovimba, kifua kubana au pumzi kukatika ghafla, kichwa cha aina usiyowahi kukisikia, macho kupoteza kuona, maumivu makali ya tumbo: hapo acha kidonge, nenda hospitali siku hiyohiyo, na useme unameza nini. Hata kama nyumbani hawajui, daktari ajue.

Je, kinaleta utasa? Hapana. Kidonge kikiachwa, yai linaweza kutoka ndani ya wiki chache. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliwafuatilia walioacha ili wazae, na karibu 8 kati ya 10 walipata mimba ndani ya mwaka. Sindano ndiyo inayochelewesha: inaweza kuchukua hadi miezi kumi hivi tangu ya mwisho, wakati mwingine zaidi, kisha uzazi unarudi. Dada wa yule mama wa benchi bado yuko ndani ya muda huo. Kinachoziba mirija ya uzazi kwetu mara nyingi ni maambukizi ya zinaa kama klamidia na kisonono yasiyotibiwa, na kidonge hakikingi ugonjwa wowote wa zinaa, Ukimwi ukiwemo. Mwanamke anaweza kumeza miaka mitano huku maambukizi yakiharibu mirija kimyakimya. Akiacha na asizae, wa kulaumiwa yuko mkononi tayari. Miome (uvimbe wa kizazi usio saratani) nayo huhesabiwa hivyohivyo: wanawake weusi wengi sana huwa nayo kabla ya kufika miaka 50, waliomeza na wasiomeza.

Saratani haina jibu la neno moja. Kidonge cha mchanganyiko kinapunguza saratani ya ovari na ya ukuta wa kizazi, na kinga hiyo hudumu miaka mingi baada ya kuacha. Kinaongeza kidogo saratani ya matiti wakati wa kukitumia, na ya shingo ya kizazi kwa anayezidi miaka mitano. Nyongeza zote mbili hupungua akiacha.

Wanaosema "nilimeza na bado nikabeba mimba" wanasema kweli pia. Kikimezwa bila kukosea, chini ya mwanamke 1 kati ya 100 hupata mimba kwa mwaka. Katika maisha ya kawaida ni karibu 7. Pengo hilo ni la kusahau, kuishiwa, na kuficha. Plaketi inayolala ndani ya mfuko wa unga ili bwana asiione haimezwi siku ambayo bwana hatoki nyumbani. Kwa mama wa namna hiyo, sindano au koili inaweza kuwa salama kuliko kidonge bora cha dunia nzima.

Ukisahau kimoja cha mchanganyiko, kimeze unapokumbuka, hata kama ni viwili siku moja, na uendelee. Ukisahau viwili au zaidi mfululizo, meza cha mwisho ulichosahau, endelea, na tumia kondomu siku saba. Kama ilikuwa wiki ya tatu, ruka vile vya kahawia na uanze plaketi mpya. Kile cha projestini peke yake cha levonorjestreli ni kikali zaidi kwa saa: kuchelewa kwa zaidi ya saa tatu kunahesabika kama kusahau. Ukitapika ndani ya saa tatu baada ya kumeza, meza kingine. Amoksisilini na antibiotiki nyingi za kawaida hazikiharibu. Rifampisini ya kifua kikuu inakiharibu, na baadhi ya dawa za kifafa pia, kwa sababu zinalifanya ini kuvunja homoni haraka. Anayeanza matibabu ya kifua kikuu aombe njia nyingine tangu siku ya kwanza.

Kuacha hakuhitaji kupunguza polepole wala kusubiri mwezi uishe. Ukiacha katikati ya plaketi, damu itatoka kwa siku chache, na kinga inaondoka pamoja na dawa. Anayetaka mtoto hana haja ya kusafisha kizazi kwa majani ya aina yoyote. Asiyetaka aanze njia nyingine siku hiyohiyo, hata kama alichokimbia ni kichwa tu kilichokuwa kikimuuma.